Jaji Aliyekaa Kwenye Kibao cha Mbuzi

Ukitoka mlangoni kumwita mdaawa, weka simu mfukoni, simama wima, ita jina lake kamili mara tatu, na kati ya mwito na mwito vuta pumzi. Hivyo nilifundishwa na Bi Siwatu siku yangu ya kwanza, na hivyo niliwafundisha ninyi nyote mliopita mikononi mwangu pale masijala. Siku hizi naona mnaita mara moja huku mnajibu ujumbe, kisha mnarudi ndani kumwambia jaji kwamba mtu hayupo. Mtu yupo. Yupo kwa mama lishe anamalizia chapati, kwa sababu ametoka nyumbani alfajiri na hajatia kitu tumboni. Kesi yake inafutwa kwa uvivu wa koo lako.

Mlinipa saa ya ukutani na keki, mkasema, "Mzee Batho, tuandikie ya kazini." Saa inafanya kazi, ahsanteni. Madaraja niliyopanda na mishahara naviruka, vimo kwenye jalada langu na vinachosha hata kuvisoma. Nitaandika juu ya kalamu, na juu ya Jaji Nyamizi. Nawaonya mapema kwamba nina hasira, na kustaafu hakujaipunguza.

Nilifika Dar kutoka Mahenge nikiwa na suruali moja ya heshima, mali ya kaka yangu, iliyonibana kiunoni. Karani mkuu alikuwa Bi Siwatu, Mzaramo wa Kisarawe, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Alinitazama juu mpaka chini.

"Mtoto wa wapi wewe?"

"Mahenge, shikamoo."

"Marahaba. Mpogoro. Haya kaa pale, usiguse kitu mpaka nikwambie."

Nilikaa mpaka wakati wa chai bila kugusa kitu. Baadaye alinipeleka mahakamani, akaniweka chini, mbele ya meza ya jaji, mahali pa karani, akaninong'oneza somo ambalo limenilisha maisha yangu yote. Wakati ule, na mahali pengi hata sasa, jaji aliandika ushahidi wote kwa mkono wake. Shahidi anasema, jaji anaandika, na mahakama nzima inakwenda kwa mwendo wa kalamu hiyo. Mawakili wapya hawalijui hili, wanauliza maswali kama watu wanaofukuza kuku.

"Batho," aliniambia, "usimwangalie jaji usoni. Uso wa jaji hauna habari. Angalia kalamu. Kalamu ikitembea, neno limeingia. Kalamu ikilala mezani, hata shahidi alie damu, hajasema kitu."

Tangu siku hiyo sijawahi kuangalia uso wa jaji akiwa kazini. Niliwajua kwa kalamu zao. Yupo aliyeandika akisukuma kama anapiga deki, na yupo aliyechora maua pembeni wakili alipokuwa akisifia hoja zake mwenyewe. Shahidi akikimbia mno nilimwinulia kiganja kidogo, apunguze, kalamu imfikie. Hiyo ndiyo kazi ya karani ambayo haimo kwenye mwongozo wowote, na nawaomba msiiache kwa sababu sasa kuna mashine za kurekodi. Mashine inarekodi kila kitu. Kalamu inaonyesha ni nini kimesikika.

Bi Siwatu alifariki akiwa bado kazini, tukamsindikiza kwao Kisarawe. Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi kwenye msiba. Nyote mnaujua, lakini nauandika kwa sababu mtaona jinsi watu wazima wanavyoweza kuusahau. Mtani akija msibani halii. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza anavyotembea, anawatukana wafiwa, anaziba njia jeneza lisipite mpaka alipwe. Kinachopatikana kinarudi kwa wafiwa, kinanunua sukari na mchele. Na mtani hanyimwi. Kumnyima mtani ni kumvunjia marehemu heshima.

Siku ile mtani alikuwa wakili kijana wa Kinyamwezi, mtanashati, aliyekuwa akimsumbua sana Bi Siwatu pale masijala. Alijipaka unga usoni, akavaa miwani ya marehemu yenye kamba ya viatu, akalala chali katikati ya barabara mbele ya jeneza, akapiga kelele, "Faili langu liko wapi, Siwatu? Huendi popote mpaka unipe faili langu!" Watu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yakiendelea kutoka. Nilitoa noti yangu, nikaiweka kifuani kwake, akainuka, akalibeba jeneza na wenzake mpaka makaburini. Nilimpenda sana kijana yule siku hiyo. Mkumbukeni, kwa sababu baadaye alipanda akawa jaji mkubwa, na atarudi katika habari hii.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliwekwa kwa Jaji Nyamizi, alipohamishiwa Dar kutoka kanda. Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo iliwalazimu mawakili kunyamaza ili wamsikie. Chakula alikuja nacho kwenye hotpoti. Maji ya kunywa alitoka nayo nyumbani. Kwenye sherehe ya kumuaga msajili mmoja alikaa na glasi tupu mkononi kwa sababu hakujua soda ile imelipiwa na nani. Tulimcheka kidogo, nasi tulikunywa.

Kesi iliyonifunulia yeye ni nani ilikuwa ya mirathi, mjane wa Temeke anadaiwa na mashemeji kwamba ndoa yake haikuwepo. Wakili wa mashemeji alikuwa anamhoji yule mama na kumjibia kila swali yeye mwenyewe, kwa Kiingereza kirefu. Jaji akaweka kalamu chini.

"Wakili," akasema, "naandika anayosema mama. Wewe ukitaka niandike yako, njoo uape ukae pale kizimbani."

Kisha akamgeukia yule mjane. "Mama, anza upya. Taratibu. Mie nakufuata."

Kalamu yake ilitembea mchana kutwa. Niliwahi kufanya kazi na majaji wenye akili zaidi yake, lakini sijafanya kazi na mwenye masikio zaidi yake.

Sasa shauri la Kinyerezi. Kampuni moja ilitaka kuchukua eneo ambalo watu walikuwa wameishi na kujenga kwa miaka mingi, karibu na ghala la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Bwana Hassanali. Kampuni ilikuwa ya shemeji yake mheshimiwa mmoja ambaye simtaji, kwa sababu nina pensheni ya kulinda. Wakazi pamoja na Hassanali walikwenda mahakamani, jalada likaangukia kwa Jaji Nyamizi. Alisikiliza pande zote mbili, akatoa zuio: mtu asiguse tofali mpaka kesi iamuliwe. Siku ile ile alianza kupigiwa simu na watu waliokuwa hawajawahi kumpigia. Hakupokea. Nikaanza kupigiwa mie. Mtu mmoja mwenye sauti laini aliniuliza, "Mzee, hivi mama yenu ana shida gani?" Nilimjibu kwamba hana shida, ana zuio.

Wakati jambo hilo linachemka, akafariki Mzee Pazi. Mzee Pazi alikuwa Mzaramo, jirani wa Jaji pale Tabata, ukuta kwa ukuta, na mie nakaa mtaa wa pili. Enzi za nguvu zake alikuwa mtunza ghala wa Hassanali. Kila asubuhi, Jaji akitoka kwenda kazini na joho mkononi, mzee alikuwa anamsubiri getini na mswaki mdomoni.

"Mpagazi! Umeamka? Mzigo wangu upo pale, ubebe mpaka Tabora."

"Nitabebaje na njaa, Mzaramo? Nyie chakula chenu nazi, na hiyo nazi mnasubiri idondoke yenyewe."

Huyo ndiye mtu pekee duniani niliyewahi kumsikia Jaji Nyamizi akimpigia kelele. Na mzee alishamwambia mbele ya watu zaidi ya mara moja, "Nikifa, wewe mpagazi usipokuja kukaa getini kwangu, nitarudi nikuchape."

Alikwenda. Jaji ambaye hakunywa soda ya msajili alivaa kanzu ya marehemu juu ya gauni lake, akajipachika kofia ya marehemu juu ya kilemba, akachukua kibao cha mbuzi jikoni, kile kile wanachokunia nazi, akakiweka katikati ya geti na kukikalia, ungo mapajani. Wanaume walipotoka na jeneza, aliinua mkono. Sauti ile ndogo sijui aliiacha wapi siku hiyo.

"Simameni hapo hapo! Babu zangu waliwabebea mizigo toka Unyanyembe mpaka pwani, hamkuwapa hata ahsante. Leo huyu hatoki mpaka mlipe ujira wa babu zangu wote!"

Mjane, Bi Mwanaidi, akajibu kutoka ndani, sauti imekauka kwa kilio, "Huyo mpagazi ana njaa, mpeni ale atupishe!"

Kicheko kilipasuka chini ya turubai. Shehe akatazama saa yake, akatabasamu. Watu wakaanza kupita mmoja mmoja wakitupia ungoni, wengine sarafu, wengine noti. Mimi nilitoa. Mwenyekiti wa mtaa alitoa. Na Bwana Hassanali, aliyekuja kumzika mtunza ghala wake, amevua viatu, macho mekundu, naye akatoa noti akaiweka kwenye ungo. Jaji akainuka, akausogeza ule ungo, akaukabidhi kwa wapishi bila kuutazama, jeneza likapita. Jambo zima lilikwisha kabla maji ya wali hayajachemka.

Kesho yake video ilikuwa kwenye kila simu. Ilikuwa fupi, imekatwa: hakuna jeneza, hakuna kibao, hakuna turubai. Ni mkono wa Hassanali, noti, ungo, na uso wa Jaji. Sauti zetu zilikuwa zimefutwa, ukawekwa mdundo wa singeli, na maneno mekundu yakisema jaji apokea mchana kweupe. Haukupita muda mrefu, mheshimiwa yule akasimama mahali akasema anasikitishwa na hali ya mahakama. Akasikitishwa tena kwenye redio. Jaji Nyamizi akasimamishwa kazi, ikaundwa Tume ya kumchunguza kama anafaa kubaki kuwa jaji.

Kuna mtu atasema angekaa tu nyumbani kwake, mdaawa wake angeweza kuwepo pale. Sawa. Nimeshayasikia hayo, hata Jaji mwenyewe nilimsikia akiyasema. Lakini kukosa tahadhari ni jambo moja, na rushwa ni jambo jingine, na mtu mzima anayevichanganya hivyo viwili kwa makusudi hastahili kuitwa msomi.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa yule yule kijana wa miwani ya Bi Siwatu, sasa mwenye mvi na kitambi cha heshima. Wa pili alikuwa mtu wa hapa hapa. Wa tatu alikuwa jaji mstaafu kutoka nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola, kama sheria inavyoruhusu, mzee mpole asiyejua Kiswahili. Kwa ajili yake mambo yalikwenda kwa Kiingereza, na mkalimani alikuwa Neema, niliyemfundisha kazi mimi. Nilipoona jina la Mwenyekiti nilifurahi. Niliwaambia nyumbani, "Imekwisha hiyo. Huyu ni mtani mwenyewe. Atacheka, atafunga jalada."

Nilikaa kwenye benchi la mashahidi, nje ukumbini, nikisikia majina yakiitwa. Aliyeirusha video aliitwa mara tatu, na nawapa sifa, aliitwa vizuri, na pumzi katikati. Hakuitika mtu. Nikajua video itatupwa, kwa sababu kitu hakiwezi kujitolea ushahidi chenyewe. Haikutupwa. Mwenye video hayupo, video ipo, tuendelee. Kama ningefanya hivyo mimi kwenye kesi ya kuku aliyeibiwa Buguruni, ningepewa barua.

Hassanali aliingia kabla yangu, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo nilimsikia. "Mie nimezaliwa Kariakoo, mheshimiwa," alisema. "Mtani akikaa mlangoni, unatoa. Pazi kanitunzia ghala maisha yake yote. Nisitoe? Ningemwangaliaje mkewe?" Bi Mwanaidi naye aliulizwa zile pesa za ungo zilikwenda wapi. "Zilikwenda kwenye masufuria," akasema, "na hata wewe baba ungekuja ungekula."

Ikafika zamu yangu. Wakili wa upande wa mashtaka alikuwa kijana mwenye haraka.

"Shahidi, ulimwona Jaji akipokea fedha kwa Hassanali?"

"Nilimwona Hassanali akiweka noti kwenye ungo wa mtani."

"Jibu ndiyo au hapana. Alipokea?"

"Ungo ulikuwa mapajani kwake."

"Kwa hiyo ndiyo."

"Kwa hiyo ungo, wakili."

Yule jaji mgeni akainua mkono. Akauliza, Neema akanigeuzia kwa Kiswahili: utani ni kitu gani? Nilieleza taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi hapa. Nikatazama kalamu yake. Ilikuwa inatembea. Sijui niliwahi kupenda kalamu ya mtu kama nilivyoipenda ile. Alipomaliza kuandika akawageukia wenzake wawili, akawauliza kwa heshima kabisa kama mila hiyo inajulikana nchini.

Ndugu zangu, swali hilo angeulizwa muuza karanga wa Sinza angejibu. Yule wa pili akasafisha miwani. Mwenyekiti akasema Tume haiwezi kujipa ushahidi yenyewe.

Nikatazama kalamu zao. Zote mbili zilikuwa mezani. Zilikuwa mezani tangu nilipolitamka neno utani.

Hapo damu ilinipanda. Nilisema, na nilisema kwa mwendo wa kalamu, neno kwa neno, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mila hii unaijua. Kwenye msiba wa Bi Siwatu, Kisarawe, ulijipaka unga, ukavaa miwani yake, ukalala mbele ya jeneza mpaka tukakulipa. Mie mwenyewe nilikuwekea noti kifuani. Ilikuwa rushwa ile?"

Mwenyekiti akaisukuma kalamu yake mbali na daftari.

"Shahidi ajibu alichoulizwa," akasema kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Hayo yasiandikwe. Mkalimani, usitafsiri."

Neema, kama unasoma hapa, sikukukasirikia wewe. Uliangalia chini, ukafunga mdomo, kwa sababu una watoto na uliamriwa na mwenye mamlaka. Nilimkasirikia yeye, na bado. Yule mgeni alikuwa ameshikilia kalamu yake hewani, anamtazama Neema, ananitazama mimi, anasubiri sentensi ambayo haikumfikia. Mwishowe akaiweka chini. Nilitoka kizimbani.

Niliruhusiwa kukaa nyuma, nikamsikia Jaji Nyamizi mwenyewe. Wakili alimuuliza kama alimtambua Hassanali alipokuwa akitoa. Angeweza kusema watu walikuwa wengi. Angeweza kusema jua lilikuwa usoni.

"Nilimtambua," alisema.

"Na ukapokea?"

"Mtani hachagui anayempa. Ningeondoa ungo wangu kwake peke yake, ningekuwa nimemtangazia msibani kwamba ana kesi kwangu, na ningekuwa nimemtukana marehemu. Labda nisingekwenda kabisa. Nimelifikiria sana hilo. Lakini nilikuwa nimemwahidi mzee."

Kuanzia siku ya pili, mashtaka yakageuza njia. Walipoona rushwa haisimami, wakaanza na hadhi. Je, ni hadhi ya jaji kuvaa kanzu ya mwanamume? Kukaa kwenye kibao cha mbuzi? Kupiga kelele barabarani? Kibao chenyewe kililetwa kama kielelezo, kikawekwa mezani na kufungwa kikaratasi chenye namba. Nimeshika vielelezo vya kila aina maishani, panga, shuka, injini ya pikipiki, ila sijawahi kuona kitu kikionewa kama kibao kile. Bi Mwanaidi alilazimika kuazima cha jirani akunie nazi.

Ripoti ilipotoka nilinunua gazeti, nikasoma nikiwa nimesimama. Rushwa haikuthibitika. Nikavuta pumzi. Nikageuza mstari: hata hivyo, imani ya umma imetikiswa, kwa hiyo hafai kuendelea. Niliusoma mstari huo mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nina msiba. Imetikiswa na nani? Na waliokata video, na waliosikitika redioni, halafu waliotikisa ndio hao hao waliokuja kupima mtikisiko. Yule jaji mgeni alisemekana kuandika maoni yake pembeni. Sijamwona mtu aliyeyasoma.

Jalada la Kinyerezi likapewa jaji mwingine. Zuio likaondolewa kwa sababu za kiufundi, na tingatinga likafika kabla ya wakili wa wakazi hajapata nakala. Nilikwenda kuangalia. Lilikuwa limebaki choo kimoja kimesimama peke yake, na ukuta mpya mrefu ulikuwa unapanda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Tume ile haikuwa kwa ajili ya ungo hata siku moja.

Jaji Nyamizi akarudi Tabata kukaa. Geti lake likawa kimya. Majaji wenzake waliokuwa wakimwita dada hawakupiga hodi, mawakili waliokuwa wakiinama wakaanza kupitia barabara ya pili. Nilikwenda kumwamkia mara kwa mara. Alikuwa anapalilia maua, ananikaribisha chai, haongei. Mwanamke aliyesikiliza watu maisha yake yote alikaa kama mtu aliyeambiwa asiandike.

Jumamosi moja baada ya adhuhuri nikasikia ngoma. Nilitoka na malapa. Bi Mwanaidi na Wazaramo wenzake, kundi zima, walikuwa getini kwa Jaji. Bi Mwanaidi amekalia kibao cha mbuzi katikati ya njia, ungo mapajani. Mdogo wake marehemu amejifunga kaniki nyeusi kama joho, na kichwani amefunga makumbi ya nazi kama zile nywele za majaji wa kizamani. Mbele yake jogoo amefungwa mguu.

"Jaji wenu kafa kazini!" Bi Mwanaidi akapaza sauti. "Tumekuja kuzika! Mpagazi, toka nje usikilize kesi!"

Jaji Nyamizi akatoka na jembe dogo la bustani mkononi. Yule wa makumbi akamkazia macho jogoo.

"Wewe jogoo! Umeonekana ukipokea mtama mchana kweupe. Unasemaje?"

Jogoo akalia.

"Hilo lisiandikwe! Tume imechunguza, mtama hukula. Hata hivyo, majirani wameona mdomo unachezacheza, imani yao imetikiswa. Supu!"

Mtaa mzima ulilipuka. Nilimtazama Jaji. Alishika nguzo ya geti, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kilipotoka kilitoka pamoja na kilio, akacheka na kulia mpaka akakaa chini kwenye udongo. Wazaramo hawakumbembeleza. Walizidi kumtukana, kwamba mpagazi kashusha mzigo sasa anadeka.

"Hatuondoki mpaka ulipe," Bi Mwanaidi akasema, akimsogezea ungo.

Jaji akainuka, akaingia ndani, akarudi na noti. Watu wote walikuwa wameinua simu. Akainyoosha ile noti juu, akaigeuza upande huu na upande huu, ionekane vizuri.

"Pigeni picha!" akasema, kwa sauti ile ya siku ya msiba. "Nendeni nayo popote! Leo jaji anatoa!"

Akaiweka kwenye ungo.

Simu zilikuwa nyingi kuliko siku ya Mzee Pazi. Nilingoja jioni hiyo, nikangoja na kesho yake, na wiki nzima, nikifungua grupu moja baada ya jingine. Hakuna aliyeirusha. Mimi ninayo kwenye simu yangu, nzima, haijakatwa, na sauti zetu zote zimo. Tume haijaniita.